Siku Kanyenye Walipocheka

Ukimtaka Bi Tunu wa Kanyenye huulizi mtu. Unafuata harufu ya karanga mpaka inakufikisha mlangoni. Utamkuta kwenye kigoda, karai jeusi mbele yake, mchanga unachemka ndani ya karai, karanga zinarukaruka ndani ya mchanga. Mkono unakoroga karanga, ulimi unakoroga mtaa. Ukipita na viatu vipya atakuuliza umemwibia nani. Ukipita umenyoa atakuuliza kama chawa wamepewa taarifa wahame. Watu wanacheka, wananunua, wanapita.

Ulimi ule haukuwa wa ufedhuli. Ulikuwa urithi. Babu wa babu yake alikuwa Mzigua wa Saadani, alikuja na misafara ya pembe enzi zile, akafika Tabora miguu imevimba kama viazi, akaapa njia ile hairudii hata akibebwa. Akaoa hapa, akazikwa hapa. Lakini njia ile ilikuwa imeacha jambo lake. Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo walipita kwa Wazigua, wakapigana, wakaibiana chakula, wakauguzana, wakazikana porini. Mwisho wakachoka kupigana, wakawekeana sharti: Mnyamwezi na Mzigua hawakasirikiani. Mtani wako akichukua kuku wako, kachukua. Akikutukana, umetukanwa, cheka. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayefagia uwanja wako, ateke maji, apike, na awachekeshe waliofiwa mpaka wakumbuke kwamba wao bado wako hai.

Mtani wake Bi Tunu, tena wa ukuta kwa ukuta, alikuwa Mwanajuma, mke wa Sulemani fundi viatu. Mwanajuma ni Mnyamwezi wa Itetemia, mwanamke mpole, anauza michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo. Walikuja mtaani wasichana, wakazeeka pamoja wakitukanana kila asubuhi.

"Mwangaluka, mla michembe!"

"Mwangaluka, mpagazi uliyepotea njia!"

Ndiyo salamu yao hiyo.

Mwanajuma alizika watoto wachanga mmoja baada ya mwingine. Alipojifungua tena mtoto wa kiume, wazee wakasema huyu lazima aokotwe. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa jalalani, akalazwa juu ya takataka, ili mauti yakipita yaone ni uchafu tu, yaende zao. Halafu mtani anapita kama hajui kitu, anamwokota, anampa jina baya, na mama anamgomboa kwa mtani kwa jogoo. Tunu ndiye aliyemwokota. Akamfuta majivu usoni, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Nimeokota taka! Nani ametupa taka zake?" Watu wakacheka, Mwanajuma akatoa jogoo huku analia. Mtoto akapewa jina la msikitini, Nurdini. Lakini mtaa mzima ulimwita Taka, kwa mapenzi, maana alipona.

Alikua mtoto mzuri wa sura. Akili zake, mashallah. Redio iliyokufa alikuwa akiifungua kwa kisu cha jikoni ikaimba. Kur-ani aliisoma watu wakanyamaza barabarani. Kasoro yake ilikuwa moja, na kwa mji kama huu kasoro ile ilikuwa kubwa: hakuweza kuchekwa. Mtoto mwingine ukimwita Taka anakujibu wewe jalala. Yeye ananyamaza, anakutazama, kesho unakuta baiskeli yako imetobolewa. Bi Tunu aliona. Alimwambia Mwanajuma, "Mtani, huyu mwanao nilimwokota mapema, hakuiva." Wakacheka wote wawili.

Alipokuwa kijana alikwenda kusoma pwani, kutoka pwani akaenda mbali zaidi, wazazi wenyewe hawakujua hasa ni wapi. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Ndevu, suruali juu ya vifundo, na maneno kama mawe. Akasema maulidi ni uzushi. Akasema khitma ni uzushi, ngoma ni uzushi, dufu ni uzushi, mwanamke kukaa mlangoni na karai ni uzushi. Sheikh Yahaya, imamu wa msikiti mdogo wa mtaa, mzee aliyemfundisha alifu mwenyewe, alikwenda kuzungumza naye. Nurdini hakumpa mkono. Akamwambia, "Wewe na kafiri sawa." Mzee alirudi nyumbani na aibu, si hasira.

Akajenga banda lake la bati upande wa kwenda Ntalikwa, vijana wakaanza kwenda kusali huko. Vijana wasio na kazi, na wengine wenye kazi. Miongoni mwao alikuwa Nasri, mtoto pekee wa Bi Tunu, aliyemzaa akiwa ameshakata tamaa. Nasri alikuwa na pikipiki ya abiria na mke mmoja, Ummy, msichana mtulivu. Nasri hakuwa mtu wa dini sana. Alikuwa mtu wa kufuata. Tangu utotoni alimfuata Nurdini kama kivuli, alimbebea vifaa vya redio, alichapwa kwa makosa ya Nurdini na hakusema.

"Unakwenda kufanya nini kule bandani?" mama yake alimuuliza.

"Kusoma, mama."

"Kusoma gani kunakomfanya mtu asimsalimie mama yake shikamoo?"

"Amesema shikamoo si salamu yetu."

"Nani amesema? Taka? Mwambie alipookotwa alisema shikamoo kabla hajasema ngaa."

Nasri akacheka, akaona haya kwa kucheka, akatoka.

Halafu Sulemani fundi viatu akafariki. Hapo ndipo penye jambo.

Msiba ulijaa. Sulemani alikuwa ameshona viatu vya nusu ya mji. Bi Tunu akafanya kazi yake ya utani kama sheria inavyotaka. Alfajiri alifagia uwanja, akateka maji, akasonga ugali wa muhogo wa watu wote. Jeneza lilipoinuliwa kutoka ndani, akatokea mlangoni amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, misumari ya viatu mdomoni kama alivyokuwa akiishika marehemu, akachechemea kama alivyochechemea marehemu. Akajilaza chini kabisa mbele ya mlango. Akasema, "Sulemani haondoki! Ana kiatu changu tangu mwaka jana, aseme kwanza kiko wapi!"

Watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Mwanajuma mwenyewe, mjane wa saa chache, alicheka mpaka akashikwa mabega. Ndivyo inavyotakiwa. Unampa mtani kitu chochote, hata kitambaa, anaondoka njiani, jeneza linapita.

Nurdini akaja kutoka kwa wanaume. Alisimama juu yake. Akasema kwa sauti ya kusoma, kila mtu akasikia:

"Mwanamke huyu asipoinuka nitamkata ulimi. Na nyinyi mnaocheka, nitarudi katika mji huu niwachinje mlango kwa mlango. Hatabaki wa kumcheka mwenziwe."

Kanyenye walicheka.

Jamani, walicheka! Walicheka kuliko walivyocheka kwa koti na misumari. Walidhani amejibu utani. Miaka yote walimngoja mtoto yule ajibu, leo amejibu, tena mbele ya jeneza la baba yake! Mtu akapiga makofi. Mwingine akasema, "Leo Taka amekua!" Mjumbe wa mtaa alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Bi Tunu pale chini akatoa ulimi nje, akauinua, akasema, "Kata basi, mume wangu, lakini kisu ukinoe, ulimi huu una mifupa!"

Nurdini hakucheka. Alimruka Bi Tunu kama mtu anavyoruka mtaro, akaongoza jeneza. Na Nasri akamfuata, naye alimruka mama yake. Bi Tunu aliona unyayo wa mwanawe ukipita juu ya uso wake. Aliona, akadhani ni haraka ya mazishi.

Matanga yalipoanuliwa, banda lilikuwa tupu. Vijana wameondoka na Nurdini. Ikasemwa wamekwenda kufuga nyuki, kutundika mizinga msituni, asali ina soko. Nasri alimwachia Ummy pikipiki na neno moja, kwamba atarudi msimu wa asali. Watu wakasema vizuri, vijana wamepata kazi. Mizinga! Watu walikuwa wakiulizana bei ya asali itakuwaje.

Misimu ikapita bila asali.

Kwanza zilikuja habari za redio, mbali, ng'ambo ya mpaka. Vijiji vinachomwa. Watu wanavamiwa alasiri wakitoka mashambani. Kuna kundi, lina kiongozi, anaitwa Amiri, hakuna anayejua anatoka wapi. Bi Tunu alisikiliza huku anapepeta maganda. Alisema, "Mungu awahurumie watu wa huko," akaendelea na kazi. Nani angedhani?

Siku moja Lamya, binti wa duka la vocha la jirani, akaja mbio na simu yake mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Bi Tunu, tazama. Tazama na uniambie kama mimi nina wazimu."

Ndani ya kioo kulikuwa na watu wamejifunga nyuso, bunduki vifuani. Nyuma yao nyumba za nyasi zinaungua, na chini kulikuwa na vitu vimelazwa kwa mstari, na Bi Tunu alichelewa kuelewa kwamba vile vitu ni watu. Mbele amesimama mmoja, uso wazi. Ndevu zimeingia mvi. Anazungumza. Hakupiga kelele. Alizungumza polepole, Kiswahili safi, Kiswahili cha hapa Kanyenye, kile anachokizungumza mwenye duka na mshona viatu. Akasema, "Tutakuja kwenu mlango kwa mlango. Hatabaki wa kumcheka mwenziwe."

Karai likaungua. Karanga zikawa makaa, mtaa ukajaa moshi, na Bi Tunu yuko palepale na mwiko mkononi. Maneno yaleyale! Yale ya mwisho hakubadilisha hata moja. Aliyokuwa ameyasema juu ya kichwa chake, watu wakapiga makofi.

"Mrudishe nyuma," akasema. Lamya akairudisha ile picha. Bi Tunu hakumtazama Nurdini tena. Aliwatazama waliofunika nyuso, mmoja mmoja, mabega yao, namna walivyosimama. Mmoja alikuwa amesimama mguu mmoja umepumzika juu ya mwingine, kama mtoto anayengoja kutumwa dukani. Bi Tunu akakaa chini, mchangani, kigoda kiko pembeni.

Askari walikuja, wawili, bila sare. Walikuwa na heshima, walimwamkia. Wakauliza habari za Nurdini tangu alipozaliwa, Bi Tunu akawaeleza yote, hakuficha.

"Kabla ya kuondoka, mama, hakuwahi kutishia? Hakusema chochote?"

"Alisema."

"Alimwambia nani?"

"Alituambia sote. Pale mlangoni. Msiba ulikuwa umejaa."

"Alisemaje?"

Akawaambia alivyosema. Kijana mmoja akaacha kuandika. "Na nyinyi mkafanya nini?"

Bi Tunu alimtazama.

"Tulicheka," akasema.

Tangu siku hiyo mtaa ulikuwa kama nyumba iliyoingia nyoka. Watu walizungumza kwa kupimana. Mtu akitania, mwenziwe anamkazia macho kwanza. Ungo wa Mwanajuma ukakosa wanunuzi. Walivuka barabara wasipite mbele yake, wakasema nyumba iliyomtoa Amiri chakula chake hakiliki. Bi Tunu alikwenda kila siku, akala michembe palepale barazani kwa makusudi, anatafuna kwa sauti, anawatazama wapitao. Hakuna wa kumwambia nani ni mtani wake na nani siye. Kila siku alimuuliza Mwanajuma:

"Anakupigia simu?"

"Hapigi."

"Apigapo, umuulize habari za mwanangu."

"Nitamuuliza, mtani. Lakini hapigi."

Halafu simu ya Bi Tunu, kitochi chake cha vitufe, ikalia adhuhuri moja. Namba ndefu. Sauti ya Nasri, ndogo, kama ya mtu aliyejifunika shuka.

"Mama. Hapa hakuna mizinga."

"Najua, mwanangu. Najua. Uko mzima?"

"Nataka kurudi. Sijui nitatokaje. Mama, mimi sikufanya, walinipa nifanye, nikashindwa, sasa wananitazama."

"Njoo. Kimbia uje. Nitakuficha ndani ya gunia la karanga."

Akasikia pumzi, kama anacheka, au analia. Simu ikakata. Namba ile ikipigwa haipatikani.

Basi kuanzia hapo Bi Tunu hakuwa na jambo lingine duniani. Alikaanga karanga, aliswali, alikula, lakini vyote alivifanya kama mtu aliyeko stesheni anayengoja treni. Mwanawe yu hai na anataka kurudi. Aliwaambia askari, wakasema watajitahidi, msitu ni mkubwa. Alimwambia Sheikh Yahaya, akasoma dua. Usiombe ukamwona mwanamke mwenye kiburi anavyoomba watu.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mwanajuma akaingia kwake alasiri, amefunga mlango nyuma yake. Mkononi ana simu ambayo Bi Tunu hajawahi kuiona.

"Mtani," akasema, "yuko hapa. Anataka kukusikia."

Kumbe anapiga! Kumbe siku zote zile! Lakini Bi Tunu akaimeza hasira. Mwanawe kwanza. Akaichukua simu, na kabla hajaitia sikioni akaamua. Kuomba hakutafaa, mtu yule huombwa na wanaokufa kila siku. Kwa dini hamwezi. Kitu kimoja tu anacho yeye ambacho hakuna mwingine duniani anacho kwa mtu yule: anaweza kumwambia lolote. Babu zao waliwekeana sharti njiani.

"Wewe Taka!" akapaza. "Wewe uchafu nilioufuta majivu kwa kanga yangu! Nimesikia siku hizi unaitwa Amiri. Amiri wa nini, wa nzi? Nirudishie kijana wangu, nani ananibebea magunia? Umekaa naye miaka kama kiatu cha kuazima!"

Mwanajuma ameziba mdomo kwa kanga.

Halafu ile sauti ya kusoma, taratibu, karibu kabisa na sikio: "Mama Tunu, hujaacha tu."

"Niache, nimekuwa wewe? Mrudishe!"

"Njoo umchukue. Nimeshamchinja kama mbuzi."

Bi Tunu akacheka.

Alicheka kwa furaha, Mungu ndiye shahidi, alicheka kwa furaha! Amejibu! Baada ya umri wote huu mtoto yule amejibu utani, ndani yake kuna mtu bado, na mtu anayetania ni mtu anayesikia. "Haya basi," akasema huku anacheka, "nyama yake umempa nani? Mimi ndiye mwenye mbuzi, nataka paja!"

Upande wa pili hakukuwa na kicheko. Alingoja. Akasikia ndege wa porini, akasikia mtu akikohoa mbali.

"Mimi sitanii," Nurdini akasema. "Sikuwahi kutania hata siku moja. Nyinyi ndio hamkunisikia. Alitaka kutoroka, ikahukumiwa, ikafanyika Ijumaa iliyopita baada ya swala. Alikutaja. Nimeona ni haki yako kujua."

Simu ikanyamaza.

Kicheko kilikuwa bado mdomoni mwake. Ndivyo Ummy alivyomkuta alipotoka ua wa nyuma na ndoo ya maji: mama mkwe amesimama, meno nje, simu sikioni, macho yametoka, na Mwanajuma chini sakafuni anajipiga magoti kwa ngumi. Ummy akauliza, "Mama, kuna nini? Mama, unacheka nini?" Ndoo ikamponyoka.

Watu wengine walisema msiba wa Nasri usiwekwe. Alikuwa mmoja wao, walisema, na damu za watu anazo. Wengine waliogopa tu. Sheikh Yahaya akasimama msikitini na miguu yake ile ya kizee, akasema mtu aliyeuawa kwa sababu alitaka kurudi, sisi tutamswalia, na asiyetaka akae nje. Waliswali swala ya maiti asiyekuwepo. Safu moja na nusu.

Bi Tunu akatandika jamvi uwanjani mwake, mchana kweupe, hakujificha. Ummy ndani ya eda. Majirani wachache. Jeneza hakuna, kaburi hakuna, koti la kuvaliwa hakuna. Uwanja haujafagiwa, kwa sababu wa kufagia ni mtani, na mtani hajaja. Kila mtu aliutazama ukuta wa Mwanajuma.

Akatokea. Amejifunga kanga kiunoni kama watani wanavyojifunga, ana ufagio mkononi. Mama wa mwuaji amekuja kumtania mfiwa! Wengine walikuwa tayari wameinuka kumfukuza. Bi Tunu akanyoosha mkono, wakakaa. Sharti ni sharti. Akangoja atukanwe, na aliutaka ule utukano, maana tangu alasiri ile mdomo wake ulikuwa umekakamaa na hakuweza kulia.

Mwanajuma akafagia mistari kidogo. Akasimama.

"Mtani," akasema, "mimi najua alipo."

Mtu mmoja nyuma akatoa kicheko kifupi, cha mazoea. Akakimeza.

"Rudia," Bi Tunu akasema.

"Najua alipo Nurdini. Nilikwenda. Mwaka jana, niliposema naenda Itetemia kuuguza. Ana pumu, nikampelekea dawa. Nilipanda magari, nikatembea, wakaja kunipokea njiani." Sauti yake haikuwa na kilio, ilikuwa kavu kama michembe. "Nasri ndiye aliyekuja kunipokea. Alinibebea mzigo. Alikuwa amekonda. Aliniambia, Mama Mwanajuma, mwambie mama aje na Sheikh Yahaya na wazee, waje waniombe kwake, mbele ya wazee ataona haya. Aliniambia mara tatu. Nikamwahidi."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Niliogopa utakwenda polisi, wakamuua mwanangu." Akauangalia ufagio. "Nimemlinda wangu kwa wako."

Ummy mlangoni amejishika kizingiti. Sheikh Yahaya amefumba macho: mwaka mzima mtu alikuwa anamngoja msituni, na yeye yuko hapa anasoma dua.

Bi Tunu aliinuka. Ilimchukua muda, magoti yale. Akamwendea Mwanajuma mpaka pua zikakaribia kugusana. Tangu wasichana hawakuwahi kukasirikiana. Hawakuruhusiwa, walikatazwa na watu waliokwisha kufa porini na kuzikana. Akautoa ule ufagio mkononi mwake, kidole kimoja kimoja, akauweka chini.

"Leo huna kazi katika uwanja wangu," akasema. "Wala kesho. Mimi nikifa usije, na wewe ukifa sitakuja. Yale ya babu zetu yameishia hapa, watu wote wamesikia."

"Nimesikia," Mwanajuma akasema.

"Sasa vaa kanga yako vizuri. Unakwenda kuwaambia askari hayo uliyoniambia, njia moja moja, na mti mmoja mmoja."

Wakatoka. Watu wakawapisha, wengine wakataka kufuatana nao, Bi Tunu akawakataza kwa jicho. Walipita barabara ya madukani, wazee wawili, mmoja mbele, mwingine nyuma, hawazungumzi. Wenye maduka waliokuwa wamezoea kuwasikia wakitukanana tangu mbali walisimama milangoni. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ina utelezi. Karibu na kituo Mwanajuma akajikwaa, Bi Tunu akamshika mkono asianguke, akamwachia.

Penye geti Mwanajuma akasimama. Askari wa zamu alikuwa anawatazama.

"Tunu," akasema. Hakumwita mtani. "Nikiwaonyesha njia, watamuua?"

Bi Tunu alikuwa ameshatangulia kuingia. Alimngojea, lakini hakugeuka.

"Pita," akasema.

Mwanajuma akapita.